Korongo la Nyuma ya Soko

Kabla ya yote, vueni ndala. Nasema na nyinyi vijana mliochukuliwa mwezi huu kwa kazi ya korongo, maana juzi nilipita sokoni nikamwona mmoja wenu yumo katikati ya miti ya mathenge akiwa na ndala za bafuni, panga mkono mmoja, simu mkono mwingine, anacheka. Mwiba wa mathenge hauna mzaha. Unapita ndala, unapita soli ya kiatu cha mtumba, unaingia mguuni na kuacha sumu yake humo, na kesho yake mguu umevimba kama papai. Tafuteni akala za tairi la lori. Mimi mwiba mmoja ulinilaza wiki tatu, na mume wangu akajifunza kupika ugali akiwa na umri wa miaka hamsini. Hilo ndilo jema pekee ambalo mathenge imewahi kunifanyia.

Naitwa Naomi, ila Garsen nzima wananiita Mama Miche. Nimezaliwa Ngao, mtoto wa wakulima wa mpunga na ndizi, na kazi ya kuotesha miti nimeifanya tangu nikiwa na nguvu za kubeba madebe mawili ya maji kwa mkupuo. Sasa nikiinua birika la chai nasema "uwii" kwanza. Magoti yamekataa, nimestaafu. Lakini yako mambo niliyoyaona mle korongoni ambayo sikuyategemea, na sijayazoea mpaka leo. Hayo ndiyo nataka kuwaachia, pamoja na mbinu mbili tatu za kazi.

Nyinyi mmelikuta korongo lina kivuli, mnadhani kivuli kilikuwapo siku zote. Wazee wetu walisema pale zamani ulipita mto wenyewe. Kisha Tana ikahama, kama ilivyo tabia yake, ikaacha mkono mmoja mkavu, na baadaye soko likajengwa pembeni yake. Watu wakiona shimo hawaulizi lilikuwa nini, wanatupa taka. Chupa za plastiki, magunia, mizoga ya punda, mabati yaliyooza. Halafu ikaja mathenge ikafunika yote hayo kama shuka. Mti huu uliletwa na watu wenye nia njema waliokuwa wanatafuta mti usiokufa kwa ukame. Wakaupata. Mto ulipofurika, maji yalikuja mpaka pale, yakakosa pa kupita, yakageuka na kuingia majumbani, na yakiingia hayatoki. Yalikaa mpaka yakaoza, na watoto wakaumwa.

Kikundi chetu cha kuotesha miti kikapewa kazi ya kulisafisha korongo na kurudisha miti ya asili yake: mikuyu, mikindu, migunga, mikwaju. Sisi tukaanza kwa kufyeka, na hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Ukikata mathenge usawa wa kifundo cha mguu hujaua, umepogoa. Umeuambia uzae. Tulifyeka mwezi mzima, tukarudi baada ya mvua ndogo tukakuta kila kisiki kina matawi saba. Siku hizi mnajua: fukua udongo kina cha kiganja, tafuta mahali shina linapogeuka kuwa mzizi, kata chini ya hapo. Ni kazi ya kuinama, ndiyo maana magoti yangu yako hivi.

Juu ya ukingo wa korongo alikaa mwanamke wa Kiorma anayeitwa Mama Habona, mwuza maziwa, amenizidi miaka kama kumi. Mrefu, mkavu, hasemi ovyo. Alinitazama karibu mwezi mzima nikihangaika na mbegu za mgunga. Niliziloweka kwa maji ya moto, hazikuota. Nikaziloweka kwa maji ya baridi siku mbili, hazikuota. Siku moja akashuka, akachukua mbegu moja kwenye kiganja changu, akaigeuzageuza.

"Hii nani amekula?" akaniuliza.

"Hakuna aliyekula, Mama Habona. Ni za kupanda."

"Kama hakuna amekula, hii haiwezi ota."

Akanishika mkono akanipeleka kwenye zizi la mbuzi la jirani yake. Mbuzi anakula tunda la mgunga, mbegu inapita tumboni, gamba linalainika, inatoka na kinyesi tayari kuota. Mimi mtu wa kilimo, mtoto wa Ngao, sikuwa nikilijua hilo. Nilijaza kinyesi karai zima, nikapanda, na siku ya tisa vikachomoza vichipukizi vya kijani safu kwa safu. Nilicheza ngoma peke yangu kitaluni. Nikavimwagilia asubuhi na jioni, nikaviwekea kivuli cha makuti, nikawa navisalimia.

Miezi mitatu baadaye Komora, kijana wa Kulesa aliyekuwa na mkono mzito wa jembe kuliko wote kikundini, alisimama mbele ya kitalu changu akiwa na kipande cha muwa mdomoni.

"Mama," akasema polepole, "hii migunga yako mbona imefanana sana na ile tunayong'oa?"

Nikainama. Jani la mgunga ni dogo dogo kama vumbi. La mathenge ni refu zaidi kidogo, limejipanga kama meno ya kitana. Safu yote ilikuwa meno ya kitana. Nilikuwa nimelea mathenge kwa mikono yangu, nikiimwagilia na kuisalimia.

Nikakimbia kwa Mama Habona kumlaumu. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Mbuzi hajakosa," akasema akijifuta machozi. "Mbuzi wa mjini anakula mathenge, anatoa mathenge. Wewe hukuuliza mbuzi ameshinda wapi." Kesho yake akanipeleka mbali, nje ya mji, kwa binamu yake ambako mathenge ilikuwa haijafika. Migunga yote mnayoiona upande wa juu ilitoka kwenye zizi lile. Basi hilo ni la kuandika: kabla ya kuchukua mbegu kwa mbuzi, uliza ameshinda wapi.

Na yeye ndiye aliyetuokoa na jambo kubwa zaidi. Watu wake walipoona sisi Wapokomo, watu wa kulima, tunapanda miti wakasema hii ni hila ya kushika ardhi, maana huku kwetu mti ni kama hati. Watu wangu nao wakasema kwa nini tupande halafu ng'ombe waje kula. Palikuwa na maneno makali, na sisi tuliokulia hapa tunajua maneno hayo huishia wapi. Mama Habona akatembea nami korongo zima kwa mguu, akanionyesha kila mahali ambapo ng'ombe walizoea kushuka kwenda kunywa maji. "Hapa acha wazi," akasema. "Hii malka. Ng'ombe akipata njia ya maji, yeye hatafuti mti wako." Tukaacha njia mbili pana bila mche hata mmoja. Ng'ombe wakapita njia zao, miti ikabaki. Mpaka leo msizibe njia hizo, hata mkiambiwa na mtu aliyesoma.

Sasa niwaambie habari ya samaki.

Ilikuwa kiangazi kile kibaya, jua limesimama kama limesahau kutua. Tulikuwa tunachimba sehemu ya chini kabisa ya korongo ili kufungua mkondo. Juu tuliondoa taka urefu wa mtu. Chini ya taka tukakuta udongo wa mfinyanzi mkavu, mgumu kama tofali. Komora akainua jembe, akashusha, bonge likang'oka, na lile bonge likakoroma.

Sitanii. Lilitoa sauti kama mtoto mchanga anayesumbuliwa usingizini. Majembe yalianguka yote. Komora, aliyeoga na mamba tangu utoto, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika juu ya ukingo.

Nami nilikuwa naogopa, ila magoti yangu hata wakati ule hayakuwa ya kukimbia. Nikapiga magoti palepale, nikalivunja bonge taratibu kwa vidole. Ndani yake palikuwa na mfuko mwembamba wa rangi ya hudhurungi, kama ganda la kitunguu. Nikaupasua kwa ukucha. Alikuwamo samaki, mrefu kama mkono wangu, amejikunja mara mbili, mkia umefunika macho.

"Ni kambare mamba," nikawaambia walio juu. Baba yangu aliwahi kunisimulia kwamba yuko samaki ambaye maji yakikauka anajichimbia matopeni, anajifunika ute wake, analala mpaka maji yarudi. Nilimsikiliza baba kwa heshima, lakini sikumwamini. Na sasa alikuwa mikononi mwangu, katikati ya mji, chini ya chupa za soda na mabati na mizoga. Maji hayakuwa yamesimama mahali pale tangu masika mawili nyuma, pengine matatu. Muda wote huo watu waliuza nyanya juu yake, waligombana, waliozana, waliimba Krismasi na kuswali Idi, naye yuko chini anangoja.

Tukamweka kwenye karai la maji. Hakutikisika. Komora alishuka, akachungulia. "Amekufa," akasema. "Lakini nyama yake nasikia ni tamu."

"Nyamaza kwanza," nikamwambia.

Tukangoja. Sijui muda gani. Wote kumi na moja tulikuwa tumelizunguka karai kama watu wanaoota moto. Kisha mkia ukasogea, kidogo tu. Ule mkunjo ukaanza kufunguka polepole, kama mtu anayenyoosha mwili asubuhi. Halafu akainua kichwa, akatoa mdomo nje ya maji, akavuta pumzi. Niliisikia. Ilikuwa kama sauti ya mtu anayenywa chai moto.

Mungu wangu. Komora alivua kofia.

Saa hiyohiyo, kumbe, ofisa wa mipango wa kaunti alikuwa ameshafika ukingoni na mafaili yake kwapani na viatu vinavyong'aa. Alikuwa mtu mpya, mpole, hakuwa mbaya. "Mama Naomi yuko wapi?" akauliza kwa sauti. "Nimekuja kuwaomba msimamishe kazi. Imeamuliwa hapa pajazwe kifusi, pawe stendi ya malori."

Komora akamgeukia na kidole mdomoni. "Taratibu, mheshimiwa. Anapumua."

"Nani anapumua?"

Akashuka na vile viatu vyake, akaja akachuchumaa kati yetu. Samaki akapanda tena, akavuta pumzi. Yule bwana alifungua mdomo, akasahau kuufunga. "Ametoka wapi huyu?" Nikamwonyesha shimo, na lile ganda la kitunguu. Simu yake ikalia mfukoni, ikalia mpaka ikachoka. Aliposimama hakuyarudia maneno ya malori. Aliniuliza tu, "Mama, mafuriko yakija, maji yatapita hapa?"

"Yatapita, tukimaliza kuchimba."

"Basi nakupa nafasi mpaka mafuriko yajayo. Nikiona maji yamepita, nitaandika nilichokiona. Yasipopita, naleta kifusi, na usinililie."

Ndivyo tulivyopata muda. Samaki alikaa kwenye pipa lililokatwa, uani kwa Mama Habona, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli karibu. Mkwe wake akaja juu: "Mama, nyumba hii haijawahi kuingia samaki tangu iumbwe!" Waorma ni watu wa ng'ombe, na samaki hawana mazoea. Mama Habona akamjibu bila kugeuka, "Huyu si samaki. Huyu ni mgeni." Akawa anamtafutia konokono mwenyewe, anamtumbukizia kwa kijiti, na wanawake wanaokuja kununua maziwa wanakaa kumtazama akipumua. Biashara yake ikapanda.

Tulichimba kama wenda wazimu. Mafuriko ya Tana, kama mnavyojua, huja bila wingu. Mvua imenyesha mbali huko bara milimani, huku kwetu mbingu ni nyeupe, kumbe mto uko njiani. Siku moja alasiri nilikuwa nafunga mikindu kwenye vigingi, nikaona siafu wanapanda ukingo kwa mistari, kila mmoja na yai lake. Nikapiga kelele watu watoke. Kisha maji yakaja. Hayakuja kwa kishindo. Ulikuja ulimi mmoja wa kahawia wenye povu mbele, unasogea polepole, unaingia kila shimo na kutoka, kama mbwa anayenusa nyumba aliyohama zamani. Ukafika kwenye kona ambako siku zote maji yaligeukia majumbani. Tulisimama juu tukitazama. Ulimi ukasimama, ukajaa, ukapanda. Halafu ukaona mkondo wetu. Ukateremka.

Komora alikaa chini akalia, mwanamume mzima.

Siwadanganyi: nyumba za bondeni ziliingia maji vilevile, mto huu haufungwi na jembe. Lakini maji yaliyokuwa yakikaa mpaka yakaoza, safari hii yaliondoka kabla ya wiki kuisha. Siku ya pili ya mafuriko Mama Habona alibeba upande mmoja wa pipa, nami upande mwingine, tukamshusha mgeni wetu ukingoni. Nikaingiza mkono nimwongoze. Akaning'ata kidole gumba. Ana meno kama koleo, alama hii hapa, mnaweza kuiona. Kisha akaenda zake.

Nafika mwisho, na hili ndilo ninalolitaka mlisikie kuliko yote.

Upo mti wa kingo za Tana ambao babu zetu walichongea mitumbwi, gome jeupe, jani lina meno meno kama msumeno. Ukifika msimu wake unamwaga mbegu ndogo kama vumbi zenye pamba, zinaruka kama manyoya. Mti huo ulikuwa umekwisha kabisa huku Garsen. Mimi niliutaka kuliko miti yote. Miaka na miaka nilipanda mtumbwi kwenda misitu ya juu kuchukua mbegu. Zinakufa ndani ya siku chache. Nilizipanda kwenye mchanga, kwenye samadi, kwenye kivuli, kwenye jua. Nilimsihi mwenye duka aniwekee kwenye friji kati ya soda zake. Haikuota hata moja. Katika daftari langu la kitalu, kwenye ukurasa wa mti huo, niliandika kwa herufi kubwa: HAIWEZEKANI. Na mimi si mtu wa kukata tamaa, mlishasikia habari za mbuzi.

Maji yalipokwisha kupungua, korongo lote lilibaki na tope jipya, laini, linang'aa kama mafuta ya samli. Wiki mbili tatu hatukushuka, tope lilikuwa halijashika. Asubuhi moja Mama Habona akanipigia simu, naye simu haipendi. "Mama Miche, kuja. Hapa kuna kitu."

Nilimkuta amesimama katikati ya korongo bila viatu, leso ameishika mkononi, hatikisiki.

"Hii nani amepanda?" akaniuliza.

Nikatazama chini, nikaona ukungu wa kijani juu ya tope. Nikashuka hatua chache, nikainama. Haukuwa ukungu. Ilikuwa miche, midogo kuliko ukucha, imesongamana kama nywele za mtoto, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, mpaka kwenye kona na kupita kona. Nikalala kifudifudi matopeni na gauni langu ili nione jani moja. Lilikuwa na meno meno kama msumeno.

Pamba yake ilikuwa imeelea na mafuriko kutoka misitu ya juu, siku zilezile chache ambazo mbegu iko hai, ikatua kwenye tope bichi ambalo maji yalikuwa yametoka kuliweka. Mimi niliipelekea friji. Kumbe ilikuwa inataka mto.

"Mama Miche, nani amepanda?"

"Si mimi," nikasema. "Wallahi si mimi." Mimi mtoto wa misheni, nikaapa kwa kiapo chake.

Akacheka kidogo, kisha akaanza kutaja jina la Mungu kwa lugha yake, polepole, tena na tena. Nilikuwa nimelipwa maisha yangu yote kupanda miti, na hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekwisha kuingia kati ya miche ile na sijui niweke wapi mguu.

Tulikuwa tungali hivyohivyo aliposhuka ofisa wa mipango. Alikuja kuandika alichokiona, kama alivyoahidi. Safari hii alikuwa na gambuti, anakanyaga kwa haraka, daftari mkononi, ameshapiga hatua kama kumi.

"Wewe! Simama!" Mama Habona akapaza sauti. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwamrisha hivyo yule bwana. Akasimama mguu mmoja hewani. Akatazama chini, akatazama kushoto na kulia, akaona. Uso wake ulibadilika kama siku ile ya karai.

"Sasa..." akanong'ona, "sasa nirudi vipi?"

"Rudi na nyayo zako mwenyewe," Mama Habona akamwambia.

Akaurudisha mguu. Akageuza shingo, akautafuta unyayo wake wa nyuma, akaweka gambuti ndani yake, kisha wa pili, kisha wa tatu, akirudi kinyumenyume hivyo mpaka ukingoni, mikono ameitanua kama mtu anayevuka daraja la gogo.